Kabla mtoto hajafika nyumbani, mwandae mbwa

Simu ya namna hii huwa naipokea: "Daktari, mke wangu kajifungua hospitali ya Meta hapa Mbeya, kesho wanaruhusiwa. Sasa huyu mbwa nimfanyeje?" Nampa baba hongera, halafu namuuliza mbwa analala wapi, analishwa na nani, kachanjwa lini. Kwenye swali la tatu mara nyingi kunakuwa kimya. Kumwandaa mbwa kunataka miezi, na yeye amebakiza usiku mmoja.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu mbwa na mtoto mchanga unamhusu mbwa anayelala sebuleni juu ya kochi. Mbwa wa Uyole au Mafinga, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, si huyo. Huyu ni mlinzi: mchana yuko bandani au amefungwa, usiku anafunguliwa. Ndiyo maana wazazi wengi huniambia kwamba mtoto atakuwa ndani na mbwa atakuwa nje, hivyo hawatakutana. Watakutana jikoni. Baridi ya Juni na Julai ikishika, mzazi anakaa jiko la nje akiota moto na mtoto mapajani, na mbwa naye anakuja kujikunyata pembeni ya mafiga, kwenye majivu yenye joto, kwa sababu hapo ndipo alipolala tangu akiwa mdogo. Kwa Tukuyu, ambako mvua haiishi, ongeza na baraza.

Nianze na chanjo, maana hiyo haina mjadala. Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, na si lazima meno yaingie: mbwa mgonjwa akilamba jicho, mdomo au ngozi yenye mchubuko, inatosha. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza, kinga huchukua wiki tatu hadi nne kujengeka, kwa hiyo aliyechanjwa siku mama anatoka hospitali bado hana kinga ya kutegemewa. Mimba ikifika mwezi wa sita, muone afisa mifugo wa kata yako. Usisubiri tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, eti ndipo chanjo zitakapotangazwa.

Minyoo watu huipuuza kwa hoja kwamba mtoto mchanga hali udongo. Ni kweli, lakini baada ya miezi minane atakula. Mayai ya minyoo ya mbwa hutoka na kinyesi, hukaa udongoni wiki mbili hadi nne ndipo yaweze kuambukiza, na yakishafikia hapo hudumu kwa miezi mingi. Mtoto akiyameza, viluwiluwi vya minyoo husafiri mwilini na vinaweza kuingia kwenye ini, mapafu, hata jicho. Mpe mbwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na kinyesi kizolewe kila siku kabla hakijawa udongo. Kuhusu viroboto, kupe na funza nitasema moja tu: dawa ya kupulizia viazi au nyanya si ya kuogeshea mbwa. Najua kwetu kila nyumba ina chupa yake iliyobaki msimu uliopita. Ni sumu kwa mbwa, na ni sumu kwa mtoto atakayeshika manyoya yake. Dawa ya mbwa ipo kwenye maduka ya pembejeo za mifugo.

Sasa nije kwenye tabia, ambako ndiko makosa yanakofanyika. Nyumba moja niliyoitwa walikuwa na mbwa mpole, kazoea kuzunguka uwanjani na kulishwa na mama. Siku mama aliporudi na mtoto, baba alimfunga mnyororo nyuma ya choo. Hakuwa na nia mbaya, aliogopa tu. Chakula kikawa kinapelekwa na yeyote aliyekumbuka, na kuna siku hakuna aliyekumbuka. Baada ya mwezi wakaniambia mbwa amebadilika: mtoto akilia, anabweka na kuvuta mnyororo. Ukilitazama upande wa mbwa, hesabu ni rahisi. Sauti ile ilipoingia nyumbani, uhuru uliondoka, mama aliondoka na chakula kiliondoka. Alijumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo badiliko lolote unalotaka kulifanya, lifanye miezi miwili au mitatu kabla. Kama hutaki alale jikoni, mjengee banda sasa, liwe kavu, lenye majani makavu au gunia la kumkinga na baridi, na chakula akipate hukohuko ili apapende. Kama mama ndiye anayemlisha, baba au kijana wa nyumbani aanze kuizoea kazi hiyo. Kama mbwa ana tabia ya kurukia watu kwa furaha, kila anaporuka mgeuzie mgongo bila kumsemesha; akitulia, mpe dagaa. Tabia hiyo inachekesha leo. Siku mama atakapobeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, miguu ya mtoto itaning'inia usawa uleule zinapofika kucha za mbwa.

Sauti nayo hufundishwa. Rekodi kwenye simu kilio cha mtoto wa jirani, kisha mwekee mbwa aisikie kwa sauti ya chini wakati anakula, na kila siku uongeze kidogo. Akisimamisha masikio kisha akarudi kwenye chakula, unakwenda vizuri. Akiacha kula na kuanza kuzunguka, umeongeza haraka mno.

Mtoto akishazaliwa, baba atangulie nyumbani na khanga aliyofungiwa mtoto. Aishike mkononi, mbwa ainuse kwa mbali kidogo, apongezwe kwa utulivu. Asiachiwe aichezee wala kuilalia.

Siku ya kufika, mbwa atembezwe kwanza achoke. Mama aingie mikono mitupu, mtoto akiwa na bibi au shangazi, maana mbwa amemkosa mama na atataka kumsalimia. Salamu ikiisha na mbwa akitulia, mama akae kwenye kiti (si kwenye mkeka) ampokee mtoto. Mwingine amshike mbwa kwa kamba iliyolegea, mita tatu hivi; kamba ikikazwa humwambia mbwa kuna hatari. Asiburutwe kuja karibu. Akitazama mtoto kisha akamgeukia mshika kamba, apewe dagaa. Dakika tano zinatosha. Siku zinazofuata sogeza kidogo kidogo, na akifika karibu anuse miguu iliyofunikwa, uso hapana. Wala usimshushe mtoto mpaka puani mwa mbwa ili upige picha.

Siku wageni wanapomiminika kuja kuona mtoto, mbwa awe bandani na mfupa wake. Mbwa mlinzi kuona watu kumi wapya kwa mchana mmoja ni kazi nzito kwake, na mara nyingi anayeng'atwa ni mgeni.

Nepi chafu ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwa mbwa harufu ile ni ya chakula, na mbwa anayefukuzwa kila siku kwenye nepi anajifunza kunyatia vitu vya mtoto.

Kuna watu huniambia, "Huyu wangu hana shida, anatikisa mkia." Mkia unaotikisika unasema mbwa amechangamka, hausemi amefurahi. Angalia mwili mzima. Mbwa anayesumbuliwa hulamba midomo wakati hakuna chakula, hupiga miayo wakati hana usingizi, hugeuza kichwa lakini macho yabaki kwa mtoto mpaka weupe wake uonekane, kisha hukakamaa. Baada ya hapo hunguruma. Ukimchapa kwa kunguruma, utakuwa umemfundisha kuruka hatua hiyo, na siku nyingine atang'ata bila kukuonya. Akinguruma, muondoe mtoto kwa utulivu, kisha ujiulize nini kilimsumbua.

Hata hivyo, mimi simwogopi sana mbwa katika wiki za mwanzo, wakati mtoto yuko mikononi mwa watu saa zote. Namwogopa mtoto akianza kutambaa. Anashika mkia, anaingiza mkono kwenye sufuria ya mbwa, anamwangukia akiwa amelala, na uso wake uko usawa wa meno. Ndiyo maana watoto wadogo hung'atwa sana usoni na kichwani. Mbwa ale peke yake, mahali penye kizuizi, na sufuria iondolewe akimaliza. Na mtoto asiachwe na mbwa bila mtu mzima, hata kwa muda wa kukimbilia maziwa yanayofurika jikoni. Dada wa miaka saba si mtu mzima. Kama huna mkono wa tatu, ondoka na mtoto au mfungie mbwa kwanza.

Ikitokea mtoto amekwaruzwa, ameng'atwa, au amelambwa kwenye kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu, pilipili wala mafuta. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo na hata mbwa akiwa wa nyumbani, uende na kadi ya chanjo ya mbwa. Majirani watataka mbwa auawe hapohapo. Wazuie kama anaweza kufungwa salama: mfungie peke yake, apewe maji na chakula bila kuguswa, na afisa mifugo ajulishwe amwangalie kwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku hizo zikiisha, mate yake hayakuwa na kichaa siku aliyomng'ata mtoto, na daktari ndiye ataamua kama sindano za kuzuia kichaa zilizobaki kwa mtoto zisitishwe. Lakini sindano ya kwanza haisubiri siku hizo 10.