Kikohozi cha Julai Nairobi si baridi peke yake

Kila mwaka ikifika Juni, mawingu yakianza kulala juu ya jiji mpaka saa nne saa tano asubuhi, watu wanaanza kukohoa na maelezo ni yaleyale, ni baridi tu, vaa sweta, chemsha tangawizi na ndimu. Sikatai, baridi ina mchango wake, tunabanana kwenye matatu madirisha yamefungwa na homa inapita mtu kwa mtu. Lakini kazi yangu ni kupima hewa, naweka sensa, yaani vifaa vya kuhisi chembe hewani, na pampu za kuchuja kando ya barabara na huko mitaani, na nataka tuongee kuhusu ule upande mwingine wa hicho kikohozi, sababu huo ni moshi na moshi unatoka mahali, hauji na msimu wenyewe tu.

Kwanza ujue kwa nini Julai. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo usiku ardhi inapoa haraka sana na hewa iliyo chini inakuwa baridi kuliko ile ya juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi, na ile ya joto imekaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, sasa moshi wowote utakaoutoa hapo chini unabaki hapohapo kwenye pua zetu. Januari jua likitoka tu saa mbili ardhi inapata joto, hewa inaanza kupanda na moshi unatawanyika. Julai mawingu yanazuia jua, kile kifuniko kinachelewa kufunguka, na hizo ndizo saa jiji zima liko barabarani.

Ndio maana ukiangalia grafu za moshi za siku ya kazi ya msimu huu utaona vilima viwili. Cha kwanza kinaanza kupanda kabla ya saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu hivi, halafu mchana inashuka, kisha inapanda tena kuanzia saa moja jioni jamu ikiwa imekaza, watu wanapika, na kule nyuma ya ploti mtu amewasha takataka. Hicho kilima cha usiku watu wengi hawakijui kabisa, wanadhani magari yakipungua hewa imekuwa safi.

Kitu kingine, tunaogopa vumbi na hatuogopi masizi. Kuna karatasi ya kuchujia naiweka kwenye pampu ikiwa nyeupe pe. Nikiiweka kando ya njia ya udongo, naitoa na rangi ya hudhurungi. Nikiiweka kando ya barabara kubwa ya matatu na malori, Jogoo Road au Outering, naitoa nyeusi, na si uchafu wa kupangusa, imeingia ndani ya karatasi yenyewe. Ule udongo wa Februari unaokera kwenye nguo na viatu, sehemu kubwa ni chembe nene, pua na koo zinazinasa, unapiga chafya na unatema. Lakini masizi ya dizeli na ya moshi wa taka ni chembe ndogo chini ya mikroni 2.5, na milimita moja ina mikroni 1,000, kwa hivyo hizo zinapita mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Hapo ndipo inakuwa si kikohozi peke yake, ni moyo, ni kiharusi, ni mimba, ni mtoto ambaye mapafu yake hayakui vizuri.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachopendekeza kwa hizo chembe ndogo, wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 (maikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu) kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Nairobi tuko juu ya hapo, na karibu na barabara kubwa tuko juu sana. Lakini pia usishtuke na namba moja ya uchafu wa hewa unayoiona saa kumi na mbili asubuhi kwenye simu. Zile sensa za bei nafuu zinahesabu chembe kwa mwanga, na ukungu ukiwa mzito matone ya maji yanahesabiwa kama chembe, namba inaruka kuliko hali ilivyo. Nyingine kwenye simu hata si kipimo, ni makadirio ya kompyuta. Angalia wastani wa siku nzima, na angalia inavyopanda na kushuka.

Sasa moshi wenyewe. Dizeli tuliyonayo ni afadhali, tangu 2015 salfa iliteremshwa hadi sehemu 50 kwa milioni, lakini injini ambayo imechoka na haina kichujio itatoa masizi hata uipe mafuta gani, na zingine kichujio kiling'olewa kabisa. Taka nazo, jaa la taka la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na mpaka leo malori yanapanga laini kumwaga, na pale ambapo lori la taka haliji wananchi wanachoma, wafanye nini? Hii haiwezi kuisha kwa mimi na wewe kuvaa maski, inataka kaunti izoe taka na magari yapimwe moshi kikweli, na tuendelee kuwasumbua.

Kwa sasa, mtaa huwezi kuhama kesho lakini saa unaweza kubadilisha, kama kazi inakuruhusu. Wewe wa kukimbia alfajiri kando ya Thika Road ukidhani hewa ya asubuhi ni safi, msimu huu peleka mazoezi saa sita au tafuta njia ya ndani, hata kuingia mtaa mmoja nyuma ya barabara kunapunguza. Madirisha fungua mchana. Kama unakaa kando ya barabara yafunge asubuhi na jioni, isipokuwa unapika, hapo usifunge hata kama ni baridi namna gani.

Jiko la makaa liwashe nje, na tafadhali si kwa nailoni, ule moshi mweusi wa dakika za kwanza ni sumu tupu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi unaoonekana, lakini yanatoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi kuna familia inaingiza jiko chumbani ipate joto na haiamki. Usilale na jiko. Hata kama dirisha liko wazi kidogo, usilale nalo.

Maski ya kitambaa haizuii masizi, ile inayozuia ni N95 au KN95 ikikaa vizuri usoni. Mama wa chapati pale steji, makanga, askari wa trafiki, wale wanaotembea kwa miguu kutoka Mukuru kwenda Industrial Area kabla ya saa moja, hao hawana saa ya kuchagua, kama una za kugawa anza nao. Mwenye pumu asitegemee tu ile pampu ya bluu ya kufungua kifua wakati amezidiwa, dawa ya kuzuia ya kila siku asiiache, hasa Juni mpaka Agosti, na aongee na daktari mapema. Na wazazi, ulizeni shule michezo iko saa ngapi, kama ni kipindi cha kwanza asubuhi na uwanja uko kando ya barabara, waombeni wakisogeze baada ya saa tano mpaka mvua za Oktoba zianze.