Kutofungamana na upande wowote si kukosa la kusema

Kila kura ya Umoja wa Mataifa inapoigawa Afrika, au rais anaporudi kutoka Beijing, Delhi au Washington na mkataba mpya, sentensi mbili huanza kuzunguka redioni na mitandaoni. Ya kwanza: "Sisi ni nchi isiyofungamana na upande wowote, kwa hiyo hatuna la kusema." Ya pili huja na kejeli: "Mmeingia ubia wa kimkakati na China, basi hapo mmeshafungamana." Wanaozisema hudhani wanabishana, kumbe wamekosea mahali pamoja.

Maana yenyewe ni fupi. Nchi isiyofungamana na upande wowote ni ile ambayo haijajifunga kwenye kambi ya mataifa makubwa kiasi kwamba kambi hiyo ndiyo inayoiamulia mambo ya nje. Inaamua jambo kwa jambo. Ubia wa kimkakati nao ni makubaliano ya muda mrefu kati ya nchi mbili katika maeneo yaliyotajwa, kama biashara, ulinzi, nishati au reli. Vyote viwili vinaweza kukaa nyumba moja bila ugomvi. Ugumu uko kwenye neno lenyewe.

Shina ni funga. Ukiongeza kiambishi cha kutendana unapata fungana: timu mbili zimefungana bao moja kwa moja. Hicho ni kitendo. Kimefanyika, kimekwisha, na wiki ijayo kuna mechi nyingine. Fungamana ni habari tofauti. Kabla ya ile -an- ya kutendana kuna -am-, kiambishi kikongwe ambacho siku hizi hakizai maneno mapya, ila kimebaki katika vitenzi kadhaa tunavyovitumia bila kukiona: ficha na fichama, ganda na gandama, tua na tuama. Kazi yake ni kuonyesha hali iliyokaa. Maji yaliyotuama hayapiti njia. Yamefika na yamebaki. Viambishi hivi viwili vikikutana ndipo tunapata gandamana, shikamana, fungamana. Linganisha kushikana na kushikamana: majirani walioshikana mikono wataachiana wakishasalimiana, lakini walioshikamana ni wale ambao ukimgusa mmoja umewagusa wote. Mizizi ya mikoko hufungamana. Jaribu kung'oa mmoja uone ni mingapi inayokuja nayo.

Kwa hiyo kuto- iliyo mwanzoni inakanusha hali hiyo tu, ya wewe kuvutwa kila mwenzako anaposogea. Haikanushi kushirikiana, kukopa, kununua silaha, kumlaani mtu wala kumsifu. Pia inayokanushwa imetajwa waziwazi: ni upande, kwa maana ya kambi, na si nchi moja moja. Watu huyakata maneno "na upande wowote" kwa kuyaona marefu, na kinachobaki ni "kutofungamana" tupu, kama vile nchi imeapa kutogusana na yeyote. (Wanaosema "upande yoyote" tuwaache kwanza.)

Kosa kubwa zaidi linatoka kwenye vyumba vya habari, ambako dhana mbili hutafsiriwa kwa maneno mamoja. Ipo hali ya nchi kutokuwa upande wowote vitani. Hiyo ni hadhi ya kisheria, na wajibu wake uliandikwa katika mikataba ya The Hague ya 1907: usiruhusu majeshi ya wanaopigana yapite kwenye ardhi yako, serikali yako isimpe silaha yeyote kati yao, na vizuizi utakavyoweka viwahusu wote sawasawa. Uswisi imetambuliwa hivyo tangu 1815, na Austria iliiweka hali hiyo katika sheria ya kikatiba mwaka 1955. Nchi ya namna hiyo ni refa. Asiyefungamana si refa, ni mtazamaji asiye na kadi ya klabu: leo anaishangilia Simba, kesho akiona Yanga wameonewa anasema wameonewa. Mtazamaji huyo ni adimu Kariakoo, lakini kimataifa yupo.

Tanzania haijawahi kuwa refa. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata kambi katika ardhi hii. Nchi ilichagua upande kwenye suala la ukoloni, ikautangaza na kuugharamia. Hakuna aliyeona kwamba kufanya hivyo kulivunja sera yake, kwa sababu hakukuivunja.

Anayetaka kipimo rasmi atakipata katika vigezo vilivyowekwa Cairo Juni 1961, miezi mitatu kabla ya mkutano wa kwanza wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote uliofanyika Belgrade Septemba mwaka huohuo. Vigezo ni vitano. Nchi iwe na sera huru, au ionyeshe inaelekea huko. Iunge mkono harakati za uhuru. Isiwe mwanachama wa mapatano ya kijeshi ya nchi nyingi yaliyofungwa kwa ajili ya mvutano wa mataifa makubwa. Kama ina mkataba wa kijeshi na taifa kubwa, mkataba huo usiwe umefungwa kwa makusudi kwa ajili ya mvutano huo. Kama imetoa kituo cha kijeshi kwa wageni, nacho kisiwe kimetolewa kwa ajili hiyo. Soma vile viwili vya mwisho taratibu: havisemi usiwe na mkataba wala kituo, vinauliza vimetolewa kwa ajili gani. Waasisi waliacha mlango huo wazi kwa makusudi, na kuna waliokuja kuupitia na lori.

Jinsi sera hii inavyogharimu ilionekana Tanzania mapema. Baada ya Muungano wa Aprili 1964 kulikuwa na tatizo la Wajerumani wawili: Zanzibar ilikuwa na ubalozi wa Ujerumani Mashariki, Dar es Salaam kulikuwa na wa Ujerumani Magharibi, na Bonn, mji mkuu wa Magharibi wakati huo, ilikuwa na msimamo kwamba anayeitambua Mashariki asitegemee uhusiano nayo. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati: Mashariki ipate ubalozi mdogo (konseli kuu) Dar es Salaam, bila kutambuliwa kikamilifu. Februari 1965 Bonn ikaondoa msaada wa kijeshi, wakiwemo wakufunzi waliokuwa wakiandaa kikosi cha anga. Jibu la Dar es Salaam lilikuwa kwamba kama msaada ni wa kununua uamuzi, basi chukueni na uliobaki. Kanada ikaja kufundisha kikosi cha anga. Ujerumani Mashariki nayo haikupata ilichokitaka, ilisubiri kutambuliwa hadi 1972.

Desemba mwaka huohuo wa 1965, baada ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru, Tanzania ilitekeleza azimio la OAU na kuvunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa. Hata hivyo nchi haikutoka Jumuiya ya Madola, na uhusiano ulirudi 1968. Angalia ilivyofanyika: kilikatwa kilichohusika na suala lile, mengine yakaachwa yaendelee. Aliyefungamana hawezi kukata kwa vipimo namna hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ardhini, kati ya Dar es Salaam na Zambia. Wengi hutaja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kama ushahidi kwamba Tanzania "iliingia kwa Wachina". Makubaliano ya Septemba 1967 yalileta mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, na reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi iliyokabidhiwa 1976. Lakini katika ushoroba huohuo, miaka hiyohiyo, kulikuwa na bomba la mafuta la kilomita 1,710 hadi Ndola lililojengwa na kampuni ya Italia na kuanza kazi 1968, na barabara kuu ambayo sehemu zake kubwa zilijengwa kwa fedha za Marekani na za Benki ya Dunia. Wabia watatu wasioaminiana, mzigo mmoja, bandari moja. Upana wa reli nao haukuwa milimita 1,435 za China bali 1,067, ili mabehewa yaendelee hadi kwenye reli za Zambia na kusini zaidi. Upana huo una adhabu yake hadi leo, kwa sababu Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, hivyo mzigo wa kutoka upande mmoja kwenda mwingine hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu. Ila kosa au si kosa, uamuzi ulifuata mahitaji ya wenye reli.

Mkopo ule haukukosa masharti. Sehemu ya gharama za ndani, kama mishahara, ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China katika maduka ya Tanzania na Zambia, kwa hiyo nchi zilikubali kuagiza bidhaa hizo zipende zisipende. Huo ni ubia, na ubia una pande mbili za daftari. Wabia wa jahazi wanajua: unauliza nani ametoa mtaji, faida inagawanywaje, likizama hasara ni ya nani, na anayetaka kujitoa anajitoaje. Hakuna anayemwambia mbia wako asiwe na hisa katika jahazi jingine, isipokuwa kama mliandikiana hivyo.

Kwa kuwa jina la mkataba halisemi lolote, tafuta vifungu. Je, kuna kifungu kinachosema shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote, kama Ibara ya 5 ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi? Je, kuna sharti la kutonunua au kutoshirikiana na mwingine? Kama kuna kituo cha kijeshi, ndege ikiruka kwenda kupiga mahali, nani ametoa ruhusa? Mgogoro ukitokea unaamuliwa wapi, kwa sheria ya nani, na notisi ya kuvunja ni miezi mingapi? Tanzania na China zilipandisha uhusiano wao kuwa ubia wa kimkakati wa pande zote Novemba 2022. Oktoba 2023 Tanzania ikaingia ubia wa kimkakati na India pia, nchi ambayo wanajeshi wake waliuana na wa China mpakani Juni 2020. China yenyewe ina mkataba wa kulindana na nchi moja tu, Korea Kaskazini, tangu 1961. Vivyo hivyo Kenya ilipotangazwa na Marekani 2024 kuwa mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO: hadhi hiyo inafungua milango ya ununuzi wa zana, mafunzo na zabuni, lakini haimlazimishi yeyote kumpigania mwenzake. Misri imeishikilia tangu miaka ya 1980, nayo ni miongoni mwa waasisi wa Belgrade.

Basi kufungamana kwa kweli kunaonekanaje? Tazama Cuba. Mwaka 1979 ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Nchi Zisizofungamana na ikashika uenyekiti, ilhali uchumi, mafuta na silaha zake vilitoka kwa Wasovieti. Desemba mwaka huo majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan, nchi mwanachama mwenzake. Januari 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura kutaka majeshi ya kigeni yaondoke: 104 ndiyo, 18 hapana. Mwenyekiti wa wasiofungamana akapiga hapana. Mwezi huohuo Cuba ikaacha kugombea kiti cha Baraza la Usalama, kiti kikaenda kwa Meksiko. Mmoja alisogea, mwingine akavutwa. Hakikuwa kifungu kimoja kilichoivuta Cuba. Zilikuwa kamba zote, deni, vipuri, soko na mafunzo ya jeshi, kuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1965 za Tanzania zilikuwa mikononi mwa watu mbalimbali, ndiyo maana moja ilipokatwa nchi haikudondoka.

Sasa ile kura ya Baraza Kuu ya tarehe 2 Machi 2022, ya kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, iliyoleta kelele zote hizi. Walisema ndiyo 141, hapana 5, waliojizuia 35. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisema ndiyo. Zote sita ni nchi zisizofungamana. Na kati ya wale watano waliosema hapana, wanne, Belarus, Eritrea, Korea Kaskazini na Syria, nao ni wanachama. Ni Urusi tu isiyokuwemo.

Kwa hiyo mtangazaji akitaka kueleza nchi ilifanya nini siku hiyo, neno lipo: ilijizuia, na baada ya hapo aeleze sababu iliyotolewa. Akitaka kusema haikuwa upande wowote katika vita ile, aseme hivyo, ni madai yanayoweza kupimwa. "Haifungamani" alitunze kwa ajili ya kambi. Na akilitumia kwa ukamilifu wake, ngeli ni ya U: upande wowote.