"Went" si mtoto wa "kwenda"

Nimetumiwa tena ule ujumbe wa WhatsApp: eti "went" ya Kiingereza ni "kwenda" yetu, Wazungu waliichukua kimyakimya. Haya, leo tumalizane.

Tuanze na hiyo "w" inayowapagawisha watu. Si ya mzizi. Mzizi ni -enda. Hapa ku- imekutana na "e" ikawa kw-, basi. Kanusha: siendi. Amrisha kwa upole: aende. Mpe mtu usukani: endesha. "W" iko wapi? Na usinirukie na "mwendo", hapo ni mu- imefanya mchezo uleule. Waulize majirani: Mganda anasema okugenda, Mnyarwanda kugenda. Hiyo "g" ndiyo ya kale, sisi tuliidondosha njiani. Anayetaka undugu na Mwingereza basi aje na "genda", siyo na "kwenda" iliyokwisha kuvishwa kiambishi.

Upande wa Kiingereza ni mfupi. Send–sent, bend–bent, wend–went. Hiyo "t" ni alama ya wakati uliopita, nayo si ya mzizi. "Wend" zamani ilikuwa wendan, yaani kugeuza au kugeuka, na Wajerumani bado wana wenden kwa maana hiyohiyo. Waingereza walikuwa wakiiandika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, karne nyingi kabla Vasco da Gama hajaiona Mombasa mwaka 1498.

Swali lenye utamu hakuna anayeniuliza: "went" iliingiaje nyumbani kwa "go"? "Go" ilikuwa na umbo lake la wakati uliopita, "eode", ambalo asili yake wataalamu wanabishania mpaka leo. Kufikia karne ya 15 "went" ilikuwa imelifukuza sehemu kubwa ya Uingereza. Waskoti wao wakajitengenezea "gaed". Kwa nini? Vitabu husema "eode" lilikuwa na matamshi mengi mno, halifanani na "go". Ndivyo ninavyofundisha, ila moyoni naona ni uchambuzi wa baada ya mechi. Maana sisi tuna kuja na njoo, hazifanani hata kidogo, na njoo haijafukuzwa na mtu. Ingawa Nairobi utasikia "kuja hapa!" kutwa nzima, na walimu wa Kiswahili wakisaga meno.