Kukuza sana si kuona zaidi

Muuzaji mmoja Kariakoo ananihakikishia: "Hadubini hii inakuza mara 2,000, utaona hadi virusi vya korona." Hapana, ndugu yangu. Mwanga ni mawimbi. Wa kijani una urefu wa wimbi wa nanomita 550 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kuwa vitu vilivyokaribiana chini ya takriban nusu ya urefu huo huonekana doa moja, na kirusi cha korona ni kidogo kuliko hapo. Ukizidi kukuza, unapata doa kubwa, lenye ukungu uleule.

Ndiyo maana mtaalamu wa maabara anayetafuta malaria hudondosha tone la mafuta kati ya kioo chenye damu na lenzi. Mafuta hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, hivyo miale ya pembeni ambayo ingepotelea hewani huingia kwenye lenzi na kuleta undani zaidi. Hapo mara 1,000 tu, na kijipete cha kimelea ndani ya chembe nyekundu ya damu kinaonekana wazi.