Mkorosho wa Naliendele si GMO

Tandahimba na Newala bado wapo wakulima wanaokataa miche mipya ya mikorosho: "Hiyo ya kisasa imetiwa GMO." GMO ni mmea au mnyama aliyebadilishwa vinasaba (jeni) maabara. Kukataa huko kunaniuma, kwa sababu mara nyingi anayeikataa hubaki na mikorosho mizee isiyozaa.

Miche ya TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, hupatikana kwa kuchagua miti mama bora, kuchavusha maua kwa mkono, kisha kubebesha: kikonyo cha mti mzuri huungwa kwenye mche mchanga. Hakuna jeni iliyopachikwa maabara. Mahindi chotara nayo ni kazi ya chavua. Ile rangi ya waridi au kijani kwenye mbegu za dukani ni alama kuwa zimepakwa dawa, mtu asizile. Serikali yetu haijaruhusu zao la GMO kulimwa kibiashara, na hata majaribio ya mahindi ya GMO huko Makutupora, Dodoma, yalisitishwa.

"GMO ni kemikali wanayoichoma sindano kwenye tunda." Hapana. Tazama muhogo. Pwani yetu tunaujua ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na virusi: shamba unaliona zima, ukichimba unakuta muhogo umeozea ndani. Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani walichukua kipande cha vinasaba vya virusi hivyo hivyo, wakakipachika kwenye bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium. Bakteria huyu kwa asili hupenyeza vinasaba vyake kwenye mimea na kuiletea uvimbe. Maabara humwondolea sehemu ya uvimbe na kumwachia ufundi wa kupenyeza. Seli za muhogo zilizopokea kipande hicho hukuzwa kwenye vichupa mpaka ziwe miche, na miche hiyo huvitambua virusi na kuvikatakata kabla havijaenea. Mwaka 2021 Kenya iliidhinisha muhogo huo utoke kwenye majaribio ya kufungiwa na kupandwa mashamba ya wazi.

"Jeni zake zitakuingia mwilini." Kila chakula kina jeni. Ukila pweza wa Kilwa umekula za pweza, na tumbo huzimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama yake.

Je, mazao yote ya GMO ni salama? Hupimwa zao kwa zao, na vipimo vina kazi. Soya iliyowekewa jeni ya kokwa za Brazil ilionekana katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 1996 kuwa ingeweza kuwadhuru wenye mzio wa kokwa hizo, ikaachwa kabla ya kufika sokoni. Sisi wa korosho tunalielewa hilo, maana wapo ambao korosho moja tu huwavimbisha midomo. Kwa mazao yaliyopita vipimo, jopo la Akademia za Sayansi za Marekani lilipitia mamia ya tafiti na mwaka 2016 likasema halikukuta ushahidi thabiti kuwa yana hatari kwa mlaji kuliko ya kawaida. Zile picha za panya wenye mauvimbe zinazozunguka kwenye simu zilitoka katika utafiti wa Ufaransa wa 2012. Jarida liliuondoa mwaka uliofuata: panya walikuwa wachache mno, tena wa aina inayoota uvimbe kirahisi.

Maswali mazito yapo, lakini ni mengine: mbegu ya GMO itakuwa mali ya nani, mkulima ataruhusiwa kuihifadhi, na itakuwaje wadudu na magugu wakizoea sumu inayowaua, kama magugu yalivyokuwa sugu kwa dawa mashambani Marekani. Hayo tuyaulize kwenye mikutano ya vijiji, tukisubiri majibu huku miche ya Naliendele ikiwa tayari shambani.