Ugonjwa wa Buerger: maswali ninayoulizwa kliniki

Ugonjwa wa Buerger ni nini?
Mishipa ya damu midogo na ya kati ya mikono na miguu inavimba ndani na kuzibwa na damu iliyoganda. Ni ugonjwa adimu, humpata zaidi mtumiaji wa tumbaku asiyefika miaka 45. Leo Buerger, daktari wa New York, aliueleza mwaka 1908.

Unaanzaje?
Ukitembea wayo unauma, ukipumzika unatulia. Baadaye unauma hata usiku kitandani. Vidole vinakuwa baridi, kijidonda kwenye ncha hakiponi. Wengi mnafika kidole kimeshakuwa cheusi, baada ya miezi ya kuchua na kuloweka mguu kwenye maji ya moto. Tafadhali, acheni maji ya moto! Mguu wenye ganzi unaungua mwenyewe hujui.

Mguu ndio unaoniuma, mbona mnapima mikono?
Kwa sababu mara nyingi mikono nayo imeguswa, hata kama haijauma. Unakunja ngumi, nabana mishipa miwili ya kifundo cha mkono, unafungua kiganja kimepauka, naachia mmoja. Rangi isiporudi upesi, huo umeziba. Kisha tunadondosha tone la mafuta kwenye ngozi ya shina la ukucha na kutazama vimishipa kwa hadubini. Vikiwa vimetanuka mno na vingine vimetoweka, tunafikiria skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi, ambao matibabu yake ni mengine. Vipimo hivi haviumi hata kidogo.

Nimepunguza hadi sigara 2 kwa siku. Si inatosha?
Haitoshi. Hata 1 inaendeleza ugonjwa.

Na ugoro?
Ugoro ni tumbaku. Hapana. Ya kutafuna, hapana. Shisha, hapana. Hata bazoka na plasta zenye nikotini, hapana.

Basi nipeni dawa niendelee taratibu.
Ndugu yangu, dawa hiyo haipo. Zipo za kupunguza maumivu na za kutanua mishipa, lakini hakuna inayoushinda ugonjwa huku unavuta. Kuunganisha mshipa kwa upasuaji mara nyingi hakuwezekani, kwa kuwa hata ya mbele yake imeziba. Aliyeacha kabisa kabla kidole hakijaoza, mara nyingi hakatwi. Anayeniambia "nimepunguza" ndiye ninayemwona tena chumba cha upasuaji, kwanza kidole, halafu mguu.

Nije lini?
Kidonda cha kidole kisichopona, wiki hii. Kidole kimebadilika kuwa cheusi, leo.