Kifua kikuu: kumezwa si kufa

"Ukishavuta vimelea vya TB, unaumwa."
Hapana. Takriban robo ya watu duniani wameambukizwa. Kati ya kila 100 walioambukizwa wasio na VVU, 5 hadi 10 tu ndio watakaougua maishani. Wengine hubaki na TB iliyolala: hawaumwi wala hawaambukizi.

"Chembe nyeupe ikimmeza bakteria, amekwisha."
Kwa bakteria wengi ni kweli. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu kuna makrofaji, chembe nyeupe zinazomeza wavamizi. Bakteria akimezwa hufungiwa ndani ya kijifuko, nacho huungana na kingine chenye tindikali na vimeng'enya vya kumsaga. Bakteria wa TB huuzuia muungano huo. Ganda lake lina nta, ni gumu kumeng'enywa, hivyo hukaa humohumo na kuzaliana taratibu, mara moja kwa saa 20 hivi.

Wiki kadhaa baadaye limfosaiti T, chembe nyeupe nyingine za kinga, hufika na kuzipa makrofaji nguvu mpya. Chembe hizo hushikamana zikajenga kivimbe kiitwacho granuloma. Mara nyingi kivimbe hicho hakiwaui bakteria wote, huwazingira tu. Ndiyo maana VVU, vinavyoziua limfosaiti T za aina ya CD4, huweza kuwafungulia hata miaka mingi baadaye. Kisukari na utapiamlo pia huudhoofisha ulinzi huo.

"Bakteria ndiye anayetoboa mapafu."
Huyu hana sumu kali kama wa pepopunda. Kinachoharibu zaidi ni vita vyenyewe. Katikati ya granuloma tishu hufa na kulainika kama maziwa ya mgando, vimeng'enya vya mwili hula ukuta wa kivimbe, kisha shimo hufungukia kwenye njia ya hewa. Kuanzia hapo kila kikohozi hutoa bakteria.

Hapa pana hatari inayosahaulika mno: mwenye VVU na CD4 chache sana anaweza kuwa na TB kali huku eksirei yake ikionekana karibu safi na darubini isione kitu kwenye makohozi, kwa kuwa kinga yake haina nguvu ya vita vinavyotoboa mapafu. Apimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB. Na akianza ARV (dawa za kufubaza VVU) kisha homa au tezi zikazidi wiki za mwanzo, huenda kinga imeamka na kuwashambulia bakteria waliokuwapo. Arudi kliniki haraka, asiache dawa mwenyewe.

"Nilichanjwa BCG utotoni, siwezi kuugua."
BCG humkinga hasa mtoto mdogo dhidi ya TB ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwilini. Kwa mtu mzima kinga yake ni ndogo.

"Kikohozi kimekata, dawa za nini tena?"
Tiba ya kawaida ni miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya mbili za kwanza. Bakteria wanaozaliana hufa mapema na mgonjwa hupata nafuu. Waliozubaa kwenye granuloma hawafi upesi, kwa kuwa isoniazidi hupiga ganda linapojengwa, nao hawajengi. Ukikatiza, hao ndio wanaoamka. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, hiyo ni rifampisini, si damu. Endelea kumeza.